Fedha za Keya: Kwa Nini Askari Mstaafu wa Gusii Hurudi Akakosa pa Kujenga

Lawama hii imezoeleka vijijini Kenyenya: askari akistaafu, pesa zake hazimalizi mwaka. Alizinywa, wanasema. Alioa mke wa pili huko kambini. Alinunua matatu bila kuijua biashara. Sasa amerudi hana nyumba, anapanga chumba sokoni, na watoto wa ndugu zake wanamcheka. Lawama hizo zina ukweli kwa baadhi ya watu. Lakini ukizifuata nyuma kizazi kwa kizazi unafika mwaka 1914, na njiani unagundua kwamba fedha za askari wa Gusii zimekuwa zikicheleweshwa, zikikatwa, zikipitia mikononi mwa wengine, au zikitolewa kwa mkupuo mmoja kwa mtu aliyeishi mbali na kwao nusu ya maisha yake. Hiyo ndiyo sehemu ya habari isiyosimuliwa sokoni.

Kenyenya iko kusini mwa Kaunti ya Kisii, katika nchi ya Abamachoge. Vilima vimelimwa hadi kileleni: migomba, chai, mahindi, nyasi za ng'ombe, na mikaratusi kwenye mipaka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti nzima, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawiwa wana, kisha wana wa wana, hadi vipande vingine vimekuwa vyembamba kiasi kwamba mtu akisimama upande mmoja anaongea na jirani wa upande wa pili bila kupaza sauti.

Katika nchi ya namna hii, mtu asiye na makao si lazima awe yule anayelala kwenye baraza la duka. Mara nyingi ana paa, ila si lake. Amebaki Nakuru, Gilgil au Nanyuki, katika mitaa ya kupanga iliyo karibu na kambi aliyotumikia, kwa sababu kurudi nyumbani mikono mitupu kunamtia haya. Au amerudi na sanduku lake la chuma, akalaza kichwa katika nyumba ya mama yake akiwa na miaka zaidi ya arobaini. Kwa Abagusii, hilo ni jambo zito. Kijana akishatahiriwa hujengewa esaiga, nyumba ndogo ya kulala peke yake. Akioa humjengea mke nyumba katika boma la baba yake. Akifa bila kujenga, jamaa hukimbizana kusimamisha kibanda kabla ya siku ya mazishi, ili asindikizwe kutoka kwake. Fito huwa bado mbichi, udongo haujakauka ukutani, mabati mengine yameazimwa. Waombolezaji wote hukiona, na hujua maana yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Gusii vyenyewe. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuuteka mji wa Kisii. Tarehe 12 kilipambana na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wenyeji waliliita Keya, kisha pande zote mbili zikaondoka na kuuacha mji bila mwenyewe. Wenyeji walikuwa bado na makovu ya operesheni za Waingereza za mwaka 1905 na 1908, ile ya pili ikiwa imefuatia kuchomwa mkuki kwa afisa wa wilaya, Northcote, na shujaa Otenyo. Wakaingia madukani, ofisini na katika misheni ya Nyabururu, wakabeba walichokikuta. Serikali iliporudi ikatoza adhabu, na adhabu yenyewe ilikuwa mifugo.

Kwa Mgusii wa wakati huo ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba ya mahari, ya chakula na ya heshima. Miaka michache tu kabla ya hapo, mnamo 1912 na 1913, serikali ilikuwa imepiga marufuku ebisarate, zile kambi za vijana waliochunga na kulinda mifugo. Kwa hiyo kufikia mwisho wa 1914 kulikuwa na vijana wengi wasio na kazi ya kuchunga na wasio na ng'ombe wa kuolea. Serikali iliwahitaji vijana wa namna hiyo hasa.

Wachache walipewa bunduki. Wengi walipewa mizigo. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu machifu na maafisa kuwachukua watu kwa lazima kuwa wapagazi wa jeshi, na Nyanza ikawa chemchemi kubwa ya watu hao. Mshahara wa mpagazi ulishushwa ukawa takriban rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Mkoa wa Nyanza kwa miaka mingi, alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu nchi nzima kwa mkupuo, na makumi ya maelfu wakapelekwa kusini, kwenye mvua na matope ya mto Rufiji, kuwafuata Wajerumani walioongozwa na von Lettow-Vorbeck. Kuhara, malaria na njaa viliua wengi kuliko risasi. Kwa makadirio ya wanahistoria, wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Afrika Mashariki ya Kiingereza peke yake hawakurudi. Jina la Kiingereza la kikosi chao limebaki, kwa matamshi ya wenyeji, katika soko la Kariokor Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Habari ya mishahara yao haijulikani sana. Mpagazi aliandikwa jina na karani asiyejua lugha yake. Jina la Kigusii likaandikwa kwa masikio ya Mwingereza, jina la kijiji likawa la chifu, na namba ikachongwa kwenye kibati cha shingoni. Akifa njiani kibati kikapotea, hakukuwa na njia ya kumpata mrithi. Hivyo vita vilipokwisha palibaki fedha nyingi za watu waliokufa zisizodaiwa na mtu. Ainsworth, na Oscar Watkins aliyekiongoza kikosi cha wapagazi, waliishinikiza serikali zitumike kwa manufaa ya maeneo walikotoka marehemu. Hazina ya London ilikataa. Katika koloni hilo hilo, wajane waliendelea kulipa kodi ya kibanda, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipandishwa hadi shilingi 16.

Waliopata kitu walikuwa wengine. Mwaka 1919 serikali ya koloni ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi maafisa na askari wa Kizungu waliopigana. Bahati nasibu ilichezwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, na nyingine London. Mashamba zaidi ya 1,000 yakagawiwa. Kericho, jirani kabisa na Gusii, ekari 25,000 zilizotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis zilitolewa kwa maafisa waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilikuwa juu sana mwaka 1920. Ilipoanguka mwaka uliofuata, mradi wote ukaanguka nayo, na maafisa wengi wakafilisika. Baadaye chai ndiyo ikatawala vilima hivyo.

Tukio hilo la Kericho linafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba askari mstaafu hajui pesa. Wale walikuwa watu waliosoma, wenye vyeo na pensheni, na wamepewa ardhi. Walifilisika kwa sababu waliweka kila kitu kwenye zao moja wasilolijua, katika nchi ngeni, wakati soko linapinduka. Hakuna aliyeandika kwamba Waingereza kwa asili yao ni wabadhirifu. Serikali iliwahurumia, makampuni yakanunua ardhi. Mpagazi wa Machoge aliyerudi na kikohozi na rupia chache hakupata hata mojawapo ya hayo.

Vita vya pili vilichukua watu wengi zaidi. Karibu Wakenya 98,000 walivaa sare kati ya 1939 na 1945, wakapigana Somalia, Abisinia, Madagaska, na mwaka 1944 katika Bonde la Kabaw na mto Chindwin, Burma. Safari hii kulikuwa na utaratibu wa fedha. Askari aliweza kutenga sehemu ya mshahara ili familia iichukue katika ofisi ya wilaya. Utaratibu ulionekana mzuri. Lakini mke aliyekuwa Kenyenya hakujua kusoma, na barabara ya kwenda Kisii ilikuwa safari ya siku nzima kwa miguu. Desturi ilimpa baba mkwe au shemeji kazi ya kusimamia mali, na kwa familia nyingi mali ilimaanisha ng'ombe, na ng'ombe walimaanisha mahari.

Matokeo yake yalirekodiwa. Philip Mayer, msomi aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake kuhusu sheria na desturi za mahari mwaka 1950, alikuta mahari imepanda sana na mabaraza yakihangaika kuidhibiti. Fedha za mishahara ziliingia katika soko la ng'ombe ambalo halikuongeza ng'ombe, na bei zikapaa. Kwa hiyo askari aliyetuma fedha miaka mitano ili aoe akirudi, alirudi akakuta fedha zile zile zimesaidia kuifanya ndoa kuwa ghali. Na kama ndugu yake mkubwa alikuwa bado hajaoa, ng'ombe walikuwa wameshatoka.

Kisha yakaja malipo ya kuagwa. Mwaka 2019 shirika la habari la Al Jazeera lilichapisha nyaraka za Uingereza zilizoonyesha namna malipo hayo yalivyopangwa kwa rangi. Askari wa cheo cha chini kabisa, akiwa Mzungu anayeishi katika koloni la Afrika, alipata shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo hicho hicho alipata shilingi 3 na senti 50. Kwa askari aliyetumikia miezi 48, mmoja anaondoka na shilingi 480, mwenzake aliyelala naye kwenye matope yale yale ya Burma anaondoka na 168.

Na hata hizo 168 zilionekana nyingi mno mikononi mwake. Maafisa wa koloni walikuwa na wasiwasi kwamba Keya watazitawanya, na wakawahimiza waweke akiba katika benki ya posta. Wengine walipelekwa Jeanes School, Kabete, kufundishwa ufundi, uongozi wa jamii na uendeshaji wa maduka. Nia haikuwa mbaya yote. Lakini leseni za biashara zilitolewa kwa masharti, bidhaa za jumla zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache, na maduka mengi ya Keya yalifunguliwa katika masoko yale yale, yakiuza chumvi ile ile na mafuta yale yale ya taa. Wengine walichangishana wakanunua lori. Lori likiharibika kwenye barabara ya matope ya Gusii, hakuna kipuri wala fundi, na mtaji wa watu wengi ulibaki pembeni mwa barabara ukiota kutu.

Marekani nako kulikuwa na somo, chungu kwanza, kisha tamu. Wanajeshi wake wa vita vya kwanza waliahidiwa bonasi kwa sheria ya mwaka 1924, ila ilipwe mwaka 1945. Uchumi ulipoporomoka, maelfu yao waliandamana hadi Washington mwaka 1932 wakajenga vibanda vya mabati na maboksi kando ya mto Anacostia wakidai walipwe mapema. Julai 28 jeshi lao wenyewe, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, liliwatimua na vibanda vikateketea. Aibu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1944 iliyowapa askari wa vita vya pili karo ya chuo na mikopo nafuu ya kujenga nyumba, ingawa Wamarekani Weusi wengi walizungushwa wasiipate. Huko hoja ya nyumba ya mwanajeshi iliwekwa kwenye sheria. Kenya ilichukua miaka mingine 78 kupitisha sheria ya maveterani wake.

Uhuru ulipokaribia, mlango mmoja wa ardhi ulifunguka kwa Abagusii. Kati ya 1962 na katikati ya muongo huo, Mpango wa Ekari Milioni Moja uligawa mashamba ya Wazungu, na upande wa Borabu, katika Nyamira ya leo, mashamba ya mpaka wa Sotik yakawa makazi mapya, Nyansiongo ikiwemo. Aliyekuwa na amana aliingia, na deni alililipa kwa awamu miaka mingi. Askari aliyebahatika kuwa na akiba wakati huo alipata shamba ambalo wajukuu wake wanalilima mpaka sasa. Aliyekuwa kambini Lanet au mpakani akipigana vita vya Shifta, ambavyo vilianza 1963, alisikia habari hiyo ikiwa imepita.

Baada ya Borabu hakukuwa na mlango mwingine mkubwa. Walionunua walivuka kwenda Transmara na Bonde la Ufa. Wengi waliishi salama na majirani zao, lakini machafuko ya mwaka 1992, ya 1997 na ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwakumba walionunua mbali na kwao. Yale ya mwisho yaliwafurusha makwao Wakenya zaidi ya 600,000. Familia iliyokuwa imeweka kiinua mgongo chote kwenye ekari tatu nje ya Gusii ilirudi ikiwa na hatimiliki mkononi na hakuna pa kulala.

Ni vigumu kuielewa fedha ya askari bila kuyaelewa maisha ya kambi. Kijana wa Kenyenya anaandikishwa akiwa na miaka 18 au zaidi kidogo, anapelekwa Eldoret kwa mafunzo. Kuanzia siku hiyo nyumba ni ya jeshi, sare ni ya jeshi, hospitali ni ya jeshi. Akiwa kapera, hajui bei ya kodi ya nyumba. Akioa, huishi na familia katika kota au hupanga karibu na kambi. Anahamishwa Garissa, Mombasa, Isiolo. Likizo zake ni fupi, na huja nyumbani kama mgeni anayesubiriwa: kuna karo ya mpwa, kuna harambee ya kanisa, kuna bati la nyumba ya mama. Kwa ndugu zake yeye ni mtu mwenye mshahara wa serikali usiokosa. Ardhi ya baba inapogawiwa, hayupo. Akiuliza anaambiwa sehemu yake ipo, isipokuwa kwa sasa kaka ameotesha chai.

Halafu siku moja anaitwa ofisini. Jeshi huwastaafisha askari wa vyeo vya chini wakiwa bado na nguvu, na watoto wao wakiwa bado shuleni. Anarudisha vifaa kimoja kimoja, karani anaweka alama kwenye orodha, anapewa cheti cha utumishi, na kota inapaswa kukabidhiwa. Ndani ya muda mfupi mtu huyo anapoteza kazi, nyumba, hospitali na rafiki zake wote kwa pamoja. Mshahara umesimama, lakini pensheni ya kila mwezi haijaanza; faili iko njiani kuelekea Idara ya Pensheni iliyoko Bima House, Nairobi, na ucheleweshaji wa mafao ya wastaafu wa serikali ni malalamiko ya miaka mingi. Pengo hilo ndilo linalolika kwa mikopo. Tangu M-Shwari ije mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mkopo uko kwenye simu, na mstaafu anayesubiri faili hukopa leo ili alipe deni la jana.

Tuchukue mfano wa mtu anayepata kiinua mgongo cha shilingi 1,500,000. Deni la Sacco alilokopa akiwa kazini, 300,000, linakatwa kwanza. Karo za watoto wawili wa sekondari, pamoja na malimbikizo, 120,000. Nyumba ya mama inavuja, naye ndiye mwana aliyeahidi, 150,000. Ploti ndogo karibu na soko, kwa sababu shamba la baba limekwisha, 600,000. Pikipiki mbili za bodaboda ili pesa zizunguke, 300,000. Amebaki na 30,000, na ploti haina hata msingi. Hakuna chupa moja ya pombe katika hesabu hiyo. Kila uamuzi ungepitishwa na kikao chochote cha ukoo. Mwaka mmoja baadaye pikipiki moja iko polisi baada ya ajali, nyingine imechakaa, na kijiji kinasema askari alikula pesa.

Wapo wanaopoteza kwa udanganyifu, tena udanganyifu unaoanza kabla sare haijavaliwa. Kila msimu wa kuandikisha makurutu, Jeshi la Ulinzi hutangaza kwamba nafasi haziuzwi, na karibu kila mwaka vijana hukamatwa wakiripoti chuo cha Eldoret na barua feki walizouziwa na matapeli. Nyuma ya barua hizo kuna ng'ombe aliyeuzwa au kipande cha shamba. Katika kaunti yenye watu 900 kwa kilomita ya mraba, kipande hicho hakirudi.

Baada ya kustaafu hufuata mitego mingine. Kati ya 2006 na 2007 miradi ya piramidi, DECI ikiwa maarufu zaidi, ilizoa akiba za Wakenya; kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilihesabu walioathirika zaidi ya 148,000 na hasara ya shilingi bilioni 8 hivi. Wastaafu wenye fedha za mkupuo ndio windo la kwanza la biashara za namna hiyo, kwa kuwa tapeli hahitaji kuwasubiri wakusanye.

Kizazi cha wanajeshi wa miaka ya karibuni kiliona pia fedha za ng'ambo. Tangu Namibia mwaka 1989, Wakenya wametumwa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, Yugoslavia na Sierra Leone zikiwemo, na posho za safari hizo ndizo zilizojenga nyumba nyingi za matofali zinazoonekana vilimani Gusii. Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011 na kujiunga na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika, mwaka uliofuata, kiwango kilichotajwa kwa kila askari wa misheni hiyo kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, fedha za Umoja wa Ulaya zilizopitia Umoja wa Afrika na serikali kabla ya kumfikia askari. Januari 2016 Ulaya ilipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Mwezi huo huo, tarehe 15, kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa. Baadhi ya walionusurika katika vita hivyo walirudi na majeraha yasiyoonekana: usingizi hauji, hasira inawaka bila sababu, mke anaogopa. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimamia duka. Kumwita mlevi ni rahisi kuliko kumpeleka kwa daktari.

Lipo kundi lililotoka bila kiinua mgongo kabisa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Anga lote lilivunjwa. Mamia walifungwa, wengine wengi wakaachishwa kazi wakiwa na doa ambalo hakuna mwajiri aliyetaka kuligusa. Zaidi ya miaka 20 baadaye baadhi yao walishinda kesi mahakamani na kupewa fidia kwa kuteswa na kuzuiliwa kinyume cha sheria. Waliofia njiani wakisubiri, hukumu iliwafikia warithi.

Na Keya wenyewe? Waliobaki ni wazee wa karibu miaka 100. Kwa miongo mingi msaada wao uliletwa na chama cha wanajeshi wa zamani, KAFOCA, kwa fedha za shirika la kuwasaidia maveterani wa Jumuiya ya Madola. Mwishoni mwa 2018 Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 ili maveterani hao wa makoloni, popote walipo, wapate milo miwili kwa siku. Ilikuwa miaka 73 baada ya vita kwisha. Wenzao wengi wa Burma walikuwa wamezikwa zamani.

Uganda inastahili kutazamwa kwa makini, maana ilijaribu njia tofauti. Kati ya 1992 na 1995 iliwapunguza jeshini wanajeshi zaidi ya 36,000 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ikaunda bodi ya maveterani yenye ofisi wilayani. Mstaafu hakukabidhiwa bahasha moja. Alisafirishwa na familia hadi kwao, akapewa mabati na vifaa vya kujengea, karo ya watoto, na fedha taslimu kwa awamu kupitia benki. Kulikuwa na matatizo, hasa kwa wake waliotoka makabila mengine na kukataliwa na wakwe, na kwa wale ambao ukoo haukuwa na ardhi ya kuwagawia. Hata hivyo wazo lilikuwa la busara: bati kwanza, pesa kidogo kidogo.

Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022. Kwa mara ya kwanza mwanajeshi mstaafu anatambuliwa kisheria kama mtu mwenye haki zake, mwenye kuandikishwa na kuhudumiwa, badala ya kuachwa ategemee hisani za chama au za kamanda anayemfahamu. Kwa aliye Kenyenya swali ni umbali. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300. Nauli ya kwenda na kurudi kufuatilia faili, pamoja na kulala, ni pesa ya kulisha nyumba wiki nzima, na faili moja haimalizwi kwa safari moja. Afisa mmoja wa maveterani katika makao makuu ya kaunti ndogo angewaondolea wazee hawa gharama kubwa kuliko hotuba zote za Siku ya Mashujaa.

Wakati huo huo, ulinzi mwingine upo tayari na wengi hawautumii. Shamba la kilimo nchini haliuzwi kihalali bila kibali cha bodi ya ardhi, kwa sheria iliyodumu tangu 1967, na bodi hizo huketi karibu na wananchi. Tangu 2012 sheria za ardhi zinamtaka pia mume au mke wa muuzaji aridhie. Maana yake ni kwamba kaka anayetaka kuuza sehemu ya askari aliye Somalia, au mstaafu mwenye madeni anayetaka kuuza kipande cha mwisho, hulazimika kusimama mbele ya kikao, na mke ana haki ya kuinuka na kusema hapana. Mke wa askari anayejua tarehe ya kikao, mwenye nakala ya hatimiliki na ya kitambulisho kwenye mfuko wake, anaweza kuizuia biashara hiyo asubuhi moja. Katika nyumba nyingi tarehe hiyo hujulikana na muuzaji, mnunuzi na dalali tu, na kazi ya machifu na makanisa ya Machoge ni kuhakikisha mke naye anaijua.